Bibi anataka jiwe libaki, bwana anataka kubu: jibu kwa arkitekti wawili wa Kyeshero

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Goma, nalifupisha hapa ili na wengine wafate. Yeye na bwana yake wote ni arkitekti, walisoma pamoja, wakaoana, sasa wanafungua ofisi yao na nyumba yao wenyewe njo itakuwa kazi ya kwanza. Parseli iko Kyeshero, mtaa wa Goma, mita 20 kwa 25, katikati kuna mgongo wa lava wenye unasimama karibu mita moja na nusu, na pembeni mti mkubwa wa avoka. Bwana anataka nyumba ya kisasa, kubu nyeupe kama sanduku, paa ya dali, ni kusema beto bapa, vitre kubwa, na mgongo uvunjwe parseli ilale sawa. Bibi anataka mgongo ubaki, mti ubaki, nyumba ifate fasi vile iko. Anauliza mambo matatu: je kuna bibi na bwana wenye walijenga vitu vya kisasa vyenye vinatoka kwenye asili bila kuharibiana? Je hiyo asili siyo mapambo tu? Na jina la nani litaandikwa kwenye plan?

Dada yangu, salimia shemeji kwanza, umwambie sikukuja kusimama upande wako peke yako, juu kuna fasi zenye yeye njo ana haki, tutafika.

Watu wa hivyo wako, tena siyo wachache. Walter Burley Griffin na bibi yake Marion Mahony, Wamarekani, walioana 1911, na mwaka wenye ulifata plan yao ikashinda shindano la mji mkuu mpya wa Australia, Canberra, na ile michoro yenye ilishangaza watu ni mkono wa Marion ulichora. Miaka ya 1920 wakaanzisha mtaa wa Castlecrag pale Sydney, manyumba ya majiwe ya palepale, mafupi, paa bapa, katikati ya miti na mawe makubwa yenye waliyaacha vile waliyakuta. Aino na Alvar Aalto wa Finland, wenye walioana 1924, uangalie ile nyumba yenye walichora, Villa Mairea ya 1939, ngazi imezungukwa na miti myembamba myembamba imesimama bila mpangilio, unapanda chumbani utafikiri unapita msituni, na nyumba yenyewe ni ya kisasa kabisa. Jane Drew na Maxwell Fry, Waingereza, hao walifanya kazi huku kwetu Afrika, chuo kikuu cha Ibadan kule Nigeria, majengo marefu membamba ili upepo upite toka upande moja mpaka mwingine, na kuta zenye matundu kwa ajili ya kivuli. Kwa Ibadan ni akili nyingi, lakini musizikopi, Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku mutalia baridi.

Lakini kwa kesi yenu wenye nataka muwasome vizuri ni Raili na Reima Pietilä, Finland tena. Reima alizaliwa 1923, Raili 1926, na maisha yao yote ya kazi walibishana na swali lenu hili.

Kazi yenye inaongea na mgongo wenu inaitwa Dipoli. Iko Otaniemi, mji wa Espoo, kando ya Helsinki, ilifunguliwa 1966, ilikuwa nyumba ya wanafunzi wa shule kuu ya ufundi, fasi yao ya kula, ya mikutano, ya kucheza muziki. Leo njo jengo kuu la chuo kikuu cha Aalto. Kiwanja kilikuwa mwamba wa graniti wenye unapanda na kushuka, na misonobari juu yake. Arkitekti mwingine wa wakati ule angelipua mwamba, angeweka sahani ya beto, angesimamisha sanduku ya vitre juu yake, na angepewa zawadi. Raili na Reima waliacha jengo lilale juu ya mwamba vile mwamba unataka, mistari ya paa inakatika katika, karibu hakuna dirisha lenye linafanana na lenzake, ndani beto na mbao za msonobari, inje shaba. Na yale majiwe makubwa yenye yalitoka wakati wa kuchimba fondasio hawakuyaita kamio yapelekwe mbali, waliyapanga palepale kando ya kuta, mpaka leo ukipita hujui vizuri mwamba unaishia wapi na jengo linaanzia wapi.

Sasa shemeji asikilize hapa. Dipoli siyo mawe na mapinda tupu. Chukueni plan yake mulale nayo. Upande moja, wenye uko na jikoni, maofisi, vyumba vya kazi, ni mistari sawa sawa, pembe za digri 90, kitu chenye ingeniyeri yeyote wa kisasa angesaini bila kuuliza. Upande mwingine, fasi ya watu kukusanyika, njo unapinda unafunguka unafata mwamba. Zile pande mbili zinakutana ndani ya jengo moja na haziombani msamaha. Watu mingi wanapotazama picha za Dipoli wanaona mapinda tu na wanasahau kama bila ile nusu ya mistari hakuna mtu angekula mule ndani, juu jikoni haipendi mapinda, meza haipendi, kabati haipendi, bomba za maji ndiyo kabisa.

Kwa hiyo musigawanye kila chumba nusu kwa nusu, ukuta moja wa bwana ukuta moja wa bibi, hiyo inazaaga nyumba yenye haina baba wala mama. Mugawanye kazi za nyumba. Vyumba vya kulala, jikoni, dushi, vyoo, stoo, weka ndani ya kubu ya shemeji, iwe nyembamba, mita 5 hivi za upana, imelala kwenye ile sehemu ya parseli yenye iko chini na sawa. Jikoni na dushi vipeane mgongo, bomba zote zipite ukuta moja. Halafu saloni na baraza, fasi ya wageni na watoto, hiyo itoke kwenye kubu ipande juu ya mgongo wa lava kwa ngazi tatu ine, na pale njo mustari unaweza kupinda kufata jiwe. Kubu yake itaonekana kubu zaidi ikiwa na jiwe jeusi pembeni kuliko ikiwa peke yake katikati ya changarawe, hiyo nawahakikishia.

Nirudi kidogo nyuma juu kuna historia yenye inatugusa. Kabla ya Dipoli, Reima ndiye alifanya jumba la Finland kwenye maonyesho makubwa ya Brussels 1958, na kazi ile ilikuwa ya mistari na vipimo tu, mbao zimepangwa kama hesabu. Ni maonyesho yaleyale yenye Wabelgiji waliweka Wakongo ndani ya kijiji cha maigizo nyuma ya uzio, wageni wakawa wanawatupia vitu, mpaka wenyewe wakakataa wakarudi nyumbani. Mie kila nikiona mtu anasema modernisimu ni akili safi isiyo na nchi namkumbushaka ile 1958, kisasa na uzio ule vilikuwa kwenye kiwanja kimoja. Lakini tuendelee.

Swali lako la pili, kama asili siyo mapambo tu. Mara nyingi ni mapambo, dada, tuseme ukweli. Hata kwa Pietilä wenyewe. Maktaba kuu ya Tampere, ilifunguliwa 1986, inaitwa Metso, ni jina la ndege mkubwa wa msituni kule, na ukiwa juu angani unaona umbo la ndege. Nani anaingiaka maktaba kupitia angani? Jengo ni zuri, sikatai, lakini ile sehemu ya ndege kwangu ni hadithi ya kupendeza majaji. Ubalozi wa Finland pale New Delhi, shindano lilikuwa 1963 na kujengwa wakangoja mpaka miaka ya 1980, paa zake zinafata umbo la teluji yenye upepo umeisukuma. Teluji Delhi! Ungecheka, lakini zile paa zinatoka inje mbali sana, zinaleta kivuli kikubwa, na Delhi kivuli njo uhai, kwa hiyo pale hadithi ya Finland ililipa kodi yake kwa kufanya kazi ya India. Kipimo changu ni hicho: kitu chenye umekitoa kwenye asili kinafanya kazi gani hapa, mwezi wa ine mvua ikipiga? Kama jibu ni kwamba kinapendeza, sawa, weka kimoja, usiweke kumi.

Na hapa njo Goma inaachana na Finland kabisa, mufungue masikio. Graniti yao imetulia. Jiwe lenu halijatulia hata kidogo.

Kwanza mazuku. Upande wenu wa magharibi wa mji, kwenda Mugunga na Bulengo, gesi karboniki inatoka kwenye nyufa za lava na inalala chini kwenye mashimo juu ni nzito kuliko hewa, haina harufu, mbuzi anaingia haamuki. Mulizaliwa nayo, munayajua, lakini nimeshaona plan za vijana wenye shule nzuri wakichora saloni imezama, ngazi mbili za kushuka, makochi yamezunguka, ile fashioni ya miaka ya 1960. Pale Dipoli watu wanasifu vile ndani kuna hisia ya pango. Kyeshero hakuna kuchimba pango. Hakuna saloni ya kuzama, hakuna kav, hakuna chumba chenye chini yake ni chini ya udongo wa inje. Kabla ya kuchora ata mustari, muulize majirani wazee kama kuna fasi kuku na mbwa zinakufaka, na asubuhi mapema, kabla upepo haujaamuka, muchunguze sehemu ya chini kabisa ya parseli. Chumba chochote chenye kinaegemea mgongo kiwe na matundu ya hewa chini kabisa ya ukuta, siyo juu tu, na yatoboke inje fasi yenye udongo unashuka. Hiyo njo sababu ya kwanza ya saloni kupanda juu ya jiwe. Uzuri ni zawadi ya ziada.

Pili, lava iko na matumbo. Chini ya ngozi ngumu kuna fasi tupu, zingine kubwa za kumeza gari. Muchukue baramini, ile fimbo nzito ya chuma, mupige mgongo wote kila hatua, fasi yenye inalia wazi muweke alama na rangi, fasi yenye inalia imejaa muweke rangi nyingine, halafu munichoree hiyo ramani. Mzigo wa nyumba ushuke kwenye rangi ya pili. Penye wazi patobolewe, pajazwe majiwe na beto konda. Mafundi wa Goma wanaijua kazi hii kuliko profesa yeyote, munalipa siku moja ya kazi na munalala usingizi.

Tatu, kutetemeka. Baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, mulihesabu wenyewe matetemeko, mukaona kuta gani zilipasuka. Ukuta wa jiwe la lava ni mzuri, ni wa kwenu, lakini ni mzito na haupendi kutikiswa. Kwa hiyo jiwe libaki chini, lifike kwenye usawa wa dirisha basi, juu yake bloki nyepesi ama mbao, na kila kitu kifungwe na mikanda ya beto yenye fero, vile vyuma vya ndani, moja chini, moja juu ya milango na madirisha, moja chini ya paa, na nguzo kwenye kila pembe. Ile mikanda shemeji aiache ionekane, asipake plasta, ni mistari mieupe kwenye jiwe jeusi, hapo atapata modernisimu yake bila kununua kitu.

Na jiwe lenyewe, mulichague. Lile lenye matundu mingi ni jepesi lakini linakunywa maji ya simenti kama spongi, fundi akilipanga kavu, chokaa inakauka haraka mbele ya kushika, mwaka unaofata unatoa mchanga na kidole. Lilowanishwe kwanza, liloweshwe kabisa, lisuguliwe vumbi na brosi, ndipo lipangwe. Mukae pale mukiangalia. Saa sita, jua kali, fundi anachoka kubeba maji, njo saa yenye ukuta unaharibika.

Sasa paa ya dali. Shemeji, hapa nakukatalia. Nyufa za tetemeko zinaanzia kwenye dali, mvua ya Goma haingoji, na Goma maji ya bomba ni bahati, maji yako yanatokaka juu ya paa. Paa ni chombo cha kuteka maji. Weka paa moja ya tole, ni kusema mabati, yenye inateremka upande moja, nyuma ya ukuta mfupi kama unataka kubu ionekane kubu kutoka barabarani, mfereji moja mpana, siterne moja ya kuweka maji. Lakini musikopi paa ya Dipoli na mabonde yake, kila bonde kati ya paa mbili ni fasi ya kuvuja, kule walikuwa na shaba na bajeti ya taifa. Tole zenu ziwe za rangi, juu moshi wa volkano unatia asidi kwenye mvua na tole tupu inaoza mbele ya wakati. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe, yasiingie siterne, na volkano ikiwa inatupa majivu, maji ya paa musinywe, floraidi inaharibu meno ya watoto. Fose septike iwe mbali na siterne na chini yake, kwenye lava maji machafu yanapita kwenye nyufa mbio kuliko kwenye udongo wetu mwekundu wa Bukavu. Sisi huku tuko na shida ya mlima kuteleza, kila mtu na yake.

Mti wa avoka naupigia kura. Lakini paa iteremke upande wenye mti haupo, ama kila wiki mutapanda kutoa majani kwenye mfereji, na avoka zikianza kuanguka juu ya tole usiku mutafikiri ni wezi. Mizizi kwenye lava haishuki, inatambaa, kwa hiyo musipitishe fondasio ndefu karibu yake, muweke nguzo mbili tatu na boriti juu ya mizizi. Na umwambie fundi akiosha ngoma ya beto pale chini ya mti utamukata mshahara. Maji ya simenti yanaua mti polepole, utakufa mwaka ujao na hamtajua kwa nini.

Jina. Hapa niko na hasira kidogo. Kazi za Pietilä zinaitwa za Raili na Reima, lakini miaka mingi watu walikuwa wanasifu Reima peke yake, jiniasi, na Raili anaonekana kama mwenye kumsaidia bwana, yeye arkitekti mzima. Aliishi mpaka 2021, zaidi ya miaka 25 baada ya bwana yake kufa 1993. Marion Mahony vilevile. Aino Aalto vilevile, mwenye alikuwa anaongoza Artek, kampuni yao ya meza na viti yenye ilianza 1935. Hii haitokeaka juu bwana ni mbaya, inatokeaka juu plan ya kwanza ilitoka na jina moja na hakuna mtu alirudi kurekebisha. Kwa hiyo kuanzia kwenye plan hii ya nyumba yenu wenyewe, majina mawili, herufi za ukubwa sawa, na mwenye ana ruhusa ya kusaini mbele ya serikali asaini lakini majina yabaki mawili. Kwenye shantiye ni vigumu zaidi: mafundi watamuita yeye ingeniyeri na weye watakuita mama, na maswali yote ya fero yataenda kwake hata kama hesabu ya fero ni yako. Mugawanye mapema, mmoja asimamie fondasio na kuta, mwingine paa na maji, na fundi akiuliza mtu asiyehusika, huyo ajibu tu "uliza mwenzangu". Shemeji akishindwa kusema hayo maneno mawili, ofisi itakuwa yake.

Musiite ile mashini ya kuvunja jiwe bado. Munitumie ile ramani ya baramini yenye rangi mbili, na vipimo vya urefu wa mgongo kila mita mbili, na fasi shina la avoka liko. Picha za ordinateri zenye mawingu na gari nyekundu mbele ya nyumba musitume, sitazifungua.